Je, Wajua? Nani Garasa Kuliko Wote Katika Jezi ya Taifa

Neno garasa halikuzaliwa uwanjani, limetoka kwenye karata. Kila aliyewahi kukaa kwenye jamvi la arubastini analijua: ni nane, tisa na wenzake, karata zisizo na hesabu, ambazo ukizishika unaomba zikutoke mkononi haraka. Mashabiki wa Tanzania wakalichukua wakamvika mchezaji. Pita kwenye kijiwe chochote cha kahawa asubuhi baada ya timu ya taifa kufungwa, utalisikia kabla hujaketi: "Kaka, yule garasa! Nani alimwita kambini?" Kikombe cha kwanza hakijapoa na orodha imeshaanza. Yupo beki aliyepigwa tobo, yupo mshambuliaji aliyepaisha wakiwa wawili tu, yeye na kipa, yupo kipa aliyedaka hewa. Na maneno ya ufundi yakiisha, linaletwa lile shtaka zito, kwamba fulani kauza mechi.

Nimekaa vijiweni miaka mingi, nimepaza sauti kama wenzangu, na yapo majina niliyoyataja ambayo leo nayajutia. Hapa sitayarudia. Kilichonibadilisha ni kuwafuatilia hao wanaotajwa, wa kwetu na wa mbali, nijue kila mmoja alikuwa nani kabla ya dakika yake mbaya na alikuwa nani baada yake. Mchezaji dhaifu kweli, nimegundua, hatajwi. Huitwa kambini mara moja, akakaa benchi, akarudi klabuni kwake na jina likapotea. Anayetajwa miaka arobaini baadaye ni yule aliyeaminiwa kiasi cha kupewa mpira siku kubwa.

Je, wajua kwamba kati ya kipigo cha 7-0 na tuzo ya Afrika zilipita siku 51 tu? Novemba 14, 2015 Taifa Stars ilitoka sare ya 2-2 na Algeria jijini Dar es Salaam, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, na Mbwana Samatta alifunga moja ya mabao hayo. Siku tatu baadaye, kule Blida, Algeria ilitufunga saba bila majibu. Usiku ule hakuna aliyesalimika, hata Samatta, ambaye siku tisa tu kabla alikuwa ameshinda Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Tena waliyemfunga kwenye fainali ilikuwa klabu ya Algeria, USM Alger. Januari 7, 2016, mjini Abuja, Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mtu yule yule na miguu ile ile. Wanaojua karata watanielewa nikisema hivi: garasa la turufu hula ree ya jamii nyingine, na turufu ya jana si lazima iwe turufu ya leo.

Na ukiwa bado Lubumbashi, kwenye klabu hiyo hiyo ya Mazembe, usiondoke haraka. Katika mji huo Kiswahili ni lugha ya sokoni na majumbani, na huko ndiko alikotoka mchezaji ambaye dunia nzima imemcheka kuliko Mwafrika mwingine yeyote aliyevaa jezi ya taifa. Jina lake Mwepu Ilunga. Enzi zake klabu iliitwa TP Englebert, na ilikuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968.

Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Juni 22, 1974. Zaire, Kongo ya Kinshasa ya leo, inacheza na Brazil kwenye Kombe la Dunia. Mechi inaelekea ukingoni. Brazil imepata faulo nje kidogo ya boksi, mpira uko chini, na Wabrazil wanashauriana nani apige. Ukuta wa Zaire umejipanga, jezi zina picha ya chui kifuani. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania anapuliza filimbi. Kabla Mbrazil yeyote hajaugusa mpira, beki wa kulia, namba 2 mgongoni, anachomoka ukutani, anaukimbilia na kuubutua hadi upande wa pili wa uwanja. Wabrazil wanabaki wanatazamana. Mwepu anapanua mikono kama mtu anayeuliza kosa lake ni lipi, na kadi ya njano inatoka.

Picha hiyo imezunguka dunia kwa nusu karne. Mtangazaji mmoja wa Uingereza aliieleza kuwa ni ujinga wa Kiafrika, na wengi wakaridhika na maelezo hayo: hawa watu hata sheria hawajui. Jiulize kidogo. Timu isiyojua sheria za faulo ilifikaje pale? Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika. Machi mwaka huo huo, mjini Cairo, ilitoka 2-2 na Zambia kwenye fainali, mechi ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili alifunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba, na jumla yake ya mabao 9 katika mashindano yale haijafikiwa mpaka leo. Zaire ilikuwa pia timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Rais Mobutu Sese Seko alikuwa amewaahidi wachezaji nyumba na magari.

Kisha mambo yakaharibika. Walifungwa 2-0 na Scotland, kipigo cha heshima kwa timu mgeni. Baada ya hapo wachezaji wakasikia kwamba posho zao hazitafika, kwamba waliofuatana na msafara wamezila. Walitaka kugoma. Waliposhawishiwa kuingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia, Juni 18, moyo haukuwapo, na matokeo yakawa 9-0. Kocha wao, Blagoje Vidinić, alikuwa raia wa Yugoslavia hiyo hiyo, kwa hiyo minong'ono ya kuuza mechi haikuhitaji mbolea. Baada ya kipigo hicho, kama wachezaji wenyewe walivyosimulia miaka ya baadaye, walinzi wa rais walifika hotelini, wakafunga milango, wakawapa ujumbe: mkifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, nyumbani msirudi.

Sasa irudie ile picha. Anayechomoka ukutani ni mtu ambaye hesabu ya mabao kwake ni hesabu ya kurudi kwa familia yake. Mwepu aliwahi kusema kwamba sheria aliijua vizuri kabisa. Kwa kauli yake alifanya makusudi, akitafuta kadi nyekundu, kwa sababu hakuona kwa nini aendelee kuumia uwanjani huku waliokula fedha wamekaa jukwaani wanatazama. Mara nyingine alieleza habari ya vitisho na hofu iliyowakaa. Mimi sioni kwamba maelezo hayo mawili yanapingana. Mtu anaweza kuwa na hasira na hofu katika sekunde moja. Brazil ilishinda 3-0, mabao matatu kamili, ule mstari hasa waliochorewa. Mwepu alifariki Kinshasa mwaka 2015.

Je, wajua kwamba Mwepu hakupaswa hata kuwapo uwanjani siku hiyo? Kwenye mechi ya Yugoslavia yeye ndiye aliyempiga teke mwamuzi Omar Delgado wa Colombia, lakini Delgado alimtoa nje Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya lolote. Mwenye kosa akabaki, mfungaji bora wa Afrika akakaa nje dhidi ya Brazil. Ndaye huyo maisha yalimzungusha vibaya. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni na majambazi, baadaye akakimbilia Afrika Kusini, na huko aliwahi kujipatia riziki kwa kuangalizia watu magari kwenye maegesho. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya dakika moja kumkumbuka kwa kuwa habari zilisema amekufa. Hakuwa amekufa. Aliishi hadi Januari 2019.

Katika mashtaka yote ya vijiweni hakuna linalotolewa hukumu haraka kama penalti. Hata mtoto wa darasa la pili hujiona angefunga. Basi msikilize Pierre Womé, beki wa kushoto wa Cameroon. Oktoba 8, 2005, mjini Yaoundé, Cameroon ilihitaji ushindi dhidi ya Misri ili iende Kombe la Dunia la 2006. Matokeo yalikuwa 1-1, saa imekwisha, zinachezwa dakika za nyongeza. Penalti. Womé akapiga, mpira ukagonga mwamba na kwenda zake. Nafasi ikachukuliwa na Ivory Coast, ambayo ilikwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Womé akalazimika kuondoka nchini chini ya ulinzi, mali yake ikishambuliwa na watu wenye hasira. Kwa Wakameruni wengi hilo ndilo jina la kwanza kwenye orodha.

Lakini Septemba 30, 2000, mjini Sydney, fainali ya Olimpiki kati ya Cameroon na Hispania iliamuliwa kwa penalti, na penalti ya mwisho, iliyoipa Cameroon dhahabu, ilipigwa na nani? Na Womé huyo huyo. Miaka mitano tu inazitenganisha penalti hizo mbili. Nikiwauliza watu vijiweni, ya pili wengi wanaikumbuka, ya kwanza karibu hakuna.

Roberto Baggio naye anajulikana duniani kwa penalti aliyopaisha Julai 17, 1994, Italia ikipoteza fainali kwa Brazil kule Pasadena, Marekani. Je, wajua kwamba hata angefunga, Italia ingeweza kupoteza vilevile? Franco Baresi na Daniele Massaro walikuwa wameshakosa kabla yake. Brazil ilikuwa mbele 3-2 na bado ilibakiwa na penalti moja, ambayo angepiga Bebeto. Na mabao yaliyoibeba Italia hadi kwenye fainali hiyo, matano, alikuwa ameyafunga Baggio.

Kipa ndiye mnyonge wa mwisho. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga ya sita atabebwa mabegani, kipa akiokoa mara tano na kuachia ya sita atazomewa. Moacir Barbosa alilijua hilo kuliko mwanadamu yeyote. Julai 16, 1950, kwenye uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, mbele ya watu zaidi ya 170,000, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili iwe bingwa wa dunia. Ikatangulia kufunga. Uruguay ikasawazisha kwa namna hii: Alcides Ghiggia alikimbia na mpira winga ya kulia, akaumimina kati, Juan Schiaffino akamalizia. Dakika ya 79 Ghiggia akaja tena kwa njia ile ile. Barbosa akafanya ambalo kipa mwenye akili angelifanya, akapiga hatua moja kutoka kwenye mwamba ili auwahi mpira wa kati. Safari hii Ghiggia hakumimina. Alipiga golini moja kwa moja, mpira ukapita kwenye uwazi kati ya Barbosa na mwamba wake wa karibu. 2-1.

Hatua moja. Barbosa alikuwa bingwa wa Amerika Kusini na timu hiyo hiyo ya taifa mwaka mmoja tu kabla, 1949, na wengi walimhesabu miongoni mwa makipa bora wa zama zake. Alikuwa pia mtu mweusi, na hilo halikumsaidia. Brazil iliiacha hata jezi yake nyeupe kwa sababu ya siku ile, na ndiyo asili ya ile ya njano tunayoijua, lakini Barbosa haikumwacha. Alikuwa akisema kwamba adhabu kubwa kabisa nchini kwake ni kifungo cha miaka 30, ila yeye ametumikia miaka 50 kwa kosa ambalo si kosa. Alifariki Aprili 2000. Ilifika 2006 ndipo Brazil ilipokwenda Kombe la Dunia na kipa mweusi, Dida, akiwa chaguo la kwanza.

Kuhusu Andrés Escobar nitasema machache, kwa sababu mengi hayafai kusemwa kwa kushindana sauti. Beki wa Colombia, mtulivu, aliyeheshimiwa kwa uungwana wake. Juni 22, 1994 alijifunga dhidi ya Marekani akijaribu kukatiza krosi, Colombia ikafungwa 2-1 na ikatolewa. Julai 2 aliuawa kwa risasi mjini Medellín. Alikuwa na miaka 27. Tangu nilipoisoma habari yake sijaweza kucheka na mtu anayesema mchezaji fulani "auawe tu".

Lipo jambo jingine ambalo kijiwe hakilioni: mchezaji anaingia uwanjani na mzigo wa nyumbani kwake. Januari 16, 2022, mjini Douala, kipa wa Ivory Coast Badra Ali Sangaré aliudaka mpira katika dakika za nyongeza akijaribu usitoke nje, ukamponyoka mikononi, Sierra Leone ikasawazisha 2-2. Mitandaoni alichanwa usiku kucha. Wangapi kati ya waliomchana walijua kwamba alikuwa amefiwa na baba yake siku chache kabla ya mashindano?

Na Stéphane Guivarc'h? Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa msimu wa 1997/98, akapewa jezi namba 9 kwenye Kombe la Dunia, hakufunga hata bao moja, na akarudi nyumbani bingwa wa dunia. Mashabiki wanapopanga orodha za washambuliaji wabovu jina lake halikosekani. Medali yake nayo ipo.

Kama ni kutafuta watu ambao kweli hawakustahili jezi, mimi ninao, na majina yao hakuna anayeyajua. Septemba 7, 2010 timu ya taifa ya Togo ilicheza mechi ya kirafiki na Bahrain mjini Riffa, ikafungwa 3-0. Kocha wa Bahrain, Josef Hickersberger, alishangaa kuona wageni hawana pumzi ya kumaliza dakika 90. Habari zilipofika Lomé, viongozi wa soka wa Togo walishangaa zaidi, kwa sababu hawakuwa wametuma timu yoyote. Ilikuwa timu ya bandia, watu waliokusanywa, wakavishwa jezi za taifa. Aliyewapeleka, kocha Tchanilé Bana, alifungiwa miaka mitatu. Hao ndio garasa. Ajabu ni kwamba hakuna kijiwe hata kimoja kinachowajadili.

Halafu wapo wale ambao hawakudanganya mtu yeyote, walichezea tu nchi yao kwa walichokuwa nacho. Wachezaji wa San Marino wengi wana kazi nyingine mchana na mpira jioni. Waliifunga Liechtenstein 1-0 mwaka 2004, kisha wakacheza mechi 140 bila ushindi, hadi Septemba 5, 2024, walipoifunga tena Liechtenstein 1-0, miaka 20 imepita. Mfungaji, Nicko Sensoli, hakuwa amezaliwa siku ya ushindi ule wa kwanza. Nilipoona vijana wale wakikumbatiana nilifurahi kana kwamba ni Taifa Stars.

Timu iliyobeba kipigo kikubwa kuliko vyote ni American Samoa. Aprili 11, 2001, kwenye mji wa Coffs Harbour, Australia iliifunga 31-0, Archie Thompson peke yake akifunga 13. Ubao wa matokeo mwanzoni ulionyesha 32, wahesabuji walikuwa wamepotea njiani. Kilichofichwa na ubao huo ni habari ya kabla ya mechi. FIFA ilikuwa imeamua kwamba wachezaji wasio na pasipoti ya Marekani hawaruhusiwi, na katika kikosi kizima kilichopangwa akabaki mmoja tu. Vijana wa chini ya miaka 20 nao walikuwa kwenye mitihani ya shule. Wakakusanywa waliopatikana, baadhi yao wakiwa na miaka 15, na wengine hawakuwahi kucheza dakika 90 maishani mwao. Yule mmoja aliyebaki kwenye kikosi halisi alikuwa kipa, Nicky Salapu. Mabao yote 31 yalipita kwake.

Miaka kumi alitambulishwa kwa namba hiyo kila alipokwenda. Novemba 22, 2011, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, American Samoa ilicheza na Tonga. Ilikuwa haijawahi kushinda mechi ya mashindano hayo hata moja. Ikafunga la kwanza, ikafunga la pili, Tonga ikarudisha moja, na dakika za mwisho zikachezwa karibu zote kwenye boksi la American Samoa, mpira ukimiminwa kutoka kushoto na kulia. Filimbi ikalia, 2-1. Golini alikuwa amesimama Nicky Salapu.